Mmoja Mgongoni, Mwingine Mkononi

Kubeba pikipiki nyuma ya gari-nyumba huku gari dogo likikokotwa ni kazi ya kupanga mizigo miwili ya tabia tofauti juu ya chasisi moja. Gari-nyumba ni lile gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, ambalo Wamarekani wengi, hasa wastaafu, husafiria kwa miezi. Kiwanda cha Winnebago, cha mji wa Forest City jimboni Iowa, kilianza kuyaunda mwaka 1966. Anachokifanya mwenye gari hilo akishapakia pikipiki na kufunga gari dogo nyuma yake ndicho anachokifanya mama mwenye watoto wawili njiani: mmoja kamfunga mgongoni kwa mbeleko, mwingine kamshika mkono. Wa mgongoni anamlemea kila hatua. Wa mkononi anatembea kwa miguu yake mwenyewe, ila huvuta na kusukuma. Ufundi wote wa kazi hii unaanzia kwenye tofauti hiyo.

Haja yenyewe ni ya kweli. Gari la mita 11 likishaegeshwa, likasawazishwa kwa jeki na kuunganishwa maji na umeme, haliondoki tena kwenda kununua mkate. Gari dogo ndilo la dukani, la kanisani na la hospitali. Pikipiki ni ya vijia vya mawe vya Moab, jimboni Utah, na njia za mchanga zinazouzunguka Quartzsite, mji mdogo wa jangwa la Arizona unaofurika magari-nyumba kila Januari. Wengine huipeleka Sturgis, South Dakota, kwenye mkusanyiko wa waendesha pikipiki ulioanza mwaka 1938. Aliyepanda pikipiki tangu ujana haachi kuipenda kwa sababu tu mgongo hauwezi tena kilomita 2,000 juu ya tandiko. Anaibeba mpaka aendako, akifika anaipanda.

Kila gari-nyumba lina kibandiko cha uzito, na anayejifunza kazi hii huanza kwa kukisoma. Humo mna uzito wa juu wa gari na kila kilichomo, na uzito wa juu wa kila ekseli. Kitabu cha gari huongeza uzito wa juu wa msafara mzima pamoja na kinachokokotwa. Halafu kuna tundu la mraba lililo chini ya bampa ya nyuma, ambamo chuma cha kukokotea huingizwa. Tundu hilo lina namba mbili: ya kuvuta na ya kubeba. Kwenye magari mengi ya petroli ni pauni 5,000 za kuvuta na 500 za kubeba, yaani kilo 2,268 na kilo 227. Wengi huishika ile kubwa kichwani na kuisahau ndogo. Gari dogo linalotembea kwa magurudumu yake manne halilemei tundu karibu hata kidogo, hivyo linaishi ndani ya namba kubwa. Pikipiki inaishi ndani ya namba ndogo, na hapo ndipo vyuma hupinda.

Kilo za nyuma ya gari si sawa na kilo za katikati. Ekseli ya nyuma ndiyo egemeo, na mkia wa gari ni wenzo. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 6, na pikipiki pamoja na kibebeo chake ni kilo 250, zikiwa mita 3.6 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 250 kwa 3.6, gawanya kwa 6: jibu ni 150. Kilo hizo 150 zimenyanyuliwa kutoka tairi za mbele na kuhamia nyuma, ambako ekseli sasa imeongezewa kilo 400, si 250. Gari halikuongezeka uzito zaidi ya ule uliopakiwa, lakini usukani umekuwa mwepesi, na lori likipita kwa kasi pua huyumba. Anayepiga hesabu hii kwa kalamu, kabla hajanunua hata bolti moja, amekwisha kuwa fundi nusu. Kwenye shimo mambo huzidi, kwa sababu mzigo wa mwisho wa wenzo hurushwa juu na kushuka na pigo linalopita uzito wake, kama ndoo ya maji kichwani mtu anapokanyaga vibaya.

Ndiyo maana uchaguzi wa pikipiki ni sehemu ya ufundi, tena kubwa. Yamaha TW200, yenye tairi nene na injini ndogo, ina kilo 126 hivi. Ikiwekwa kwenye kibebeo cha kilo 40 bado iko chini ya 227. Honda Gold Wing hupita kilo 360, na hakuna kibebeo cha kuchomeka tunduni kinachoistahimili. Mwenye kukubali pikipiki ndogo hupunguza matatizo yake yote kwa pamoja, na uamuzi huo unastahili heshima kuliko chuma kinene.

Kwa pikipiki nyepesi, kibebeo ni reli ya chuma au alumini iliyolala kukingama nyuma ya gari. Mguu wake huchomekwa tunduni, na vibebeo vilivyoundwa kwa kazi hii huwa na tundu la pili kwa nyuma, la kufungia gari dogo. Hapo pana mtego. Tundu hilo la pili liko mbali zaidi na chasisi, na wenzo umerefuka. Watengenezaji wengi huagiza uwezo wa tundu lililorefushwa ukatwe, mara nyingi kwa nusu, na agizo hilo ni la kufuatwa. Tena mguu ukilegea ndani ya tundu hata kwa milimita mbili, pikipiki hutikisika kila kilomita, na baada ya muda tundu la pini inayoufunga huacha kuwa duara likawa yai. Dawa yake ni kikazio cha kubana mguu na tundu visichezeane.

Pikipiki nzito hudai njia nyingine: jukwaa la haidroliki lililofungwa kwa bolti kwenye reli mbili za chasisi yenyewe. Jukwaa hushuka hadi ardhini, pikipiki inasukumwa juu yake, kisha hupandishwa hadi usawa wa bampa, na tundu la kukokotea linabaki chini yake likifanya kazi moja tu ya kuvuta. Mizigo miwili imetenganishwa njia, kila mmoja unafika kwenye chasisi kwa mlango wake. Hata hivyo jukwaa halifuti hesabu ya wenzo, wala halibadili kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko cha ekseli. Pia fundi hulala chini ya gari na tochi kuangalia kama mkia wa chasisi ni wa kiwandani au ni kipande kilichochomelewa na muunda nyumba ili kurefusha gari. Mchomeleo ndio utakaobeba yote, na mchomeleo mzuri huonekana: mstari wenye mawimbi sawasawa, usio na vishimo wala kutu iliyoanza pembeni.

Gari dogo nalo lina masharti yake. Giaboksi nyingi za otomatiki hulainishwa na pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanazunguka, vyuma husagana vikavu. Jeep Wrangler inapendwa kwa sababu giaboksi yake ya pili, inayogawa nguvu kwa ekseli mbili, ikiwekwa nyutro magurudumu huzunguka bila kuiburuza giaboksi. Chuma cha kukokotea kiwe karibu usawa, ncha zake zisipishane kimo kwa zaidi ya sentimita 8 hadi 10, la sivyo wakati wa breki gari dogo hupanda au hupiga mbizi. Nalo lazima lifunge breki lenyewe, kwa kifaa kinachokanyaga pedali yake pale dereva wa mbele anapokanyaga yake. Nyaya za usalama hupishanishwa chini ya chuma, na kamba nyembamba ya dharura hufunga breki za gari dogo likichomoka.

Kati ya pikipiki na boneti ibaki nafasi ya kukata kona. Taa za nyuma na namba ya gari zionekane. Kwa magari ya dizeli yenye injini nyuma, rejeta nyingine hukaa nyuma na nyingine ubavuni. Yenye rejeta ya nyuma huzibwa pumzi na pikipiki, na kwenye mlima mrefu joto hupanda.

Kufunga pikipiki ni kazi ya mikono, na ndiyo sehemu inayopendeza zaidi kutazama. Gurudumu la mbele huingizwa kwenye kishikio kinacholibana pande mbili. Vitanzi laini vya kitambaa huzungushwa kwenye mhimili wa usukani, ili ndoano ya chuma isiguse rangi. Mikanda miwili hushuka mbele, mmoja kila upande, ikitanuka kama kamba za hema. Hukazwa kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, na shokapu za mbele zinashuka taratibu. Zisishushwe hadi mwisho, kwa maana sili hupasuka na mafuta huvuja. Zikiachwa juu mno, shimo la kwanza litalegeza kila kitu. Mikanda miwili mingine huzuia nyuma. Kabla ya kukazwa, kila mkanda huwa umepinduliwa mara moja tu, maana mkanda uliolala bapa huvuma kwenye upepo na kujisugua hadi nyuzi zikatike. Mwisho anaitikisa pikipiki kwa mikono miwili, na gari-nyumba zima linapaswa kutikisika nayo. Baada ya kilomita 20 za kwanza husimama, akashika mikanda na pini upya, kwa sababu kamba mpya hunyooka.

Kabla ya safari ndefu, msafara hupimwa. Kampuni ya CAT Scale, ya Walcott, Iowa, imekuwa ikiweka mizani kwenye vituo vya malori tangu mwaka 1977, na karatasi yake huonyesha ekseli ya mbele, ya nyuma na gari dogo peke yake. Dereva wa lori anayepita mizani ya Mariakani, nchini Kenya, hupima kwa amri. Mwenye gari-nyumba Marekani kwa kawaida halazimishwi. Anayepima bila kulazimishwa, matangi ya maji yakiwa yamejaa na abiria wote wakiwa ndani, anafanya kitendo cha uungwana kwa kila anayekutana naye barabarani.

Wapo wanaokwepa sehemu kubwa ya hesabu hizi kwa kukokota pikapu na kuifunga pikipiki ndani ya bodi yake: mtoto mkubwa amempakata mdogo. Palipo na pikapu inayokubali kukokotwa kwa magurudumu manne, hiyo ndiyo njia bora, na inafaa kufikiriwa kabla ya jukwaa lolote.

Barabarani, mkia wa gari huchota nje kila kona, na gurudumu la pikipiki likichungulia pembeni ndilo hugonga nguzo kwanza. Kurudi nyuma hakuwezekani: magurudumu ya mbele ya gari dogo hujigeuza na chuma hujikunja. Kwa hiyo dereva huamua kituo cha mafuta kwa kutazama njia ya kutokea kabla ya ile ya kuingilia.

Kambini gari dogo hufunguliwa kwanza, pale langoni penye nafasi. Kisha gari-nyumba huingizwa mahali pake, jukwaa hushuka, mikanda hulegezwa ya nyuma kabla ya ya mbele, na pikipiki husukumwa hadi chini. Mkia wa gari hupanda kidogo, na tairi za mbele hurudi kukandamiza changarawe kwa uzito ulionyanyuliwa na pikipiki.