Sifa ya Fundi Anayesema "Bado"

Ukishika barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, ukifika Kidodi miwa ndiyo inayotawala macho. Upande huu wa Mto Ruaha Mkuu, ndani ya Wilaya ya Kilosa, kiko kiwanda cha sukari cha Ruembe. Kile cha Msolwa kiko ng'ambo. Mashamba yakitota kwa masika, usagaji husimama na mota hulala. Mota iliyo kazini hujikausha kwa joto lake. Iliyolala hunywa unyevu, na vumbi la makapi ya miwa lililoganda kwenye koili huushikilia.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa mega, kifaa cha kupima ukinzani wa insulesheni ya koili. Kabla ya kupima, hukata umeme, hufunga swichi kwa kufuli, kisha huitenga mota na kifaa cha kielektroniki kinachoiendesha, maana volti za mega zaweza kukiua. Ncha moja huigusisha koili, nyingine bodi ya mota. Mota ya volti 400 huipa volti 500 za DC, akasoma megaomu.

Mwongozo namba 43 wa IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme, unataka mota ndogo kama hiyo isipungue megaomu 5, koili ikiwa na nyuzi joto 40. Lakini joto likipanda nyuzi 10, kipimo hushuka karibu nusu. Kwa hiyo anayesoma namba bila kuuliza joto hajapima kitu.

Mota kubwa zinadai subira zaidi. Husomwa dakika ya kwanza, kisha ya kumi. Insulesheni kavu, namba huzidi kupanda. Iliyolowa, namba hudumaa. Kipimo cha pili kikigawanywa kwa cha kwanza, jibu litakiwalo kwa koili nyingi za leo ni 2 au zaidi. Kazi ikiisha, koili huunganishwa na bodi mpaka chaji iishe, kwani inaweza kumrusha mtu.

Wakati huo masika yamekwisha, miwa imekatwa, malori yamepanga foleni, na kila mtu anataka kusikia mngurumo. Fundi anasema, "Bado." Ujuzi wake wote umo katika neno hilo, na ushahidi wake umo daftarini: namba za miaka iliyopita.

Vijana mnaosomea umeme VETA Mikumi, andikeni kila kipimo, pamoja na joto na tarehe. Nanyi mameneja, fundi akisema bado, mpeni muda aikaushe mota. Kuisuka upya iliyoungua ni ghali zaidi.