Mwanga Uanzie Jichoni

Mtoto anapofikishwa hospitali mjini Morogoro kutoka Matombo au tambarare za Ngerengere akiwa hana fahamu, kipimo cha haraka kikionyesha vimelea vya malaria bado hakijamaliza kazi. Kwenye maeneo yenye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea hivyo huku kilichomwangusha ni homa ya uti wa mgongo. Kinachotakiwa kujulikana ni kama damu inapita kwenye mishipa midogo ya ubongo. Mwanga unaweza kulijibu swali hilo bila kisu wala sindano, ila nashikilia kwamba uanzie jichoni, kichwani baadaye.

Ushahidi upo Blantyre, Malawi. Mwaka 2004 timu ya mtafiti Terrie Taylor ilichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliokuwa wametimiza vigezo vya malaria ya ubongo. 7 kati yao walikutwa wameuawa na kitu kingine. Dalili pekee ya kitabibu iliyotenganisha makundi hayo mawili ilikuwa mabadiliko ya retina, utando ulio nyuma ya jicho. Mtoto hutiwa matone ya kupanua mboni, kisha daktari humulika nyuma ya jicho na kutafuta mabaka meupe, madoa ya damu yenye kitovu cheupe, na mishipa iliyogeuka rangi ya chungwa au nyeupe. Mishipa hupauka kwa sababu seli zenye vimelea hunata kwenye kuta zake, na kimelea kilichomo hula himoglobini, ambayo ndiyo wekundu wenyewe wa damu.

Atakayepinga atasema jicho si ubongo. Lakini retina huchipuka kutoka kwenye ubongo wa kijusi, na mishipa yake hushabihiana na ya ubongo. Maiti za Blantyre zilithibitisha uhusiano huo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba jicho hutoa picha ya mara moja, ilhali mgonjwa hubadilika kila saa. Hapo vifaa vya kupitisha mwanga kichwani vina haki yao. Tangu utafiti wa Frans Jöbsis mwaka 1977, inajulikana kwamba mwanga wa takriban nanomita 700 hadi 900 hupenya fuvu na kusoma oksijeni iliyobebwa na himoglobini. Na mwanga wa leza unaporudi ukimetameta, kasi ya mmeto huo hueleza mwendo wa damu. Tatizo ni njia yake: hupita kwanza kwenye nywele, ngozi na mfupa, na melanini, rangi ya ngozi na nywele, hufyonza sehemu yake. Vipimo vya oksijeni vya kidoleni vimeshaonyesha hatari hiyo: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 uliona vikikosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe.

Kwa hiyo wodi ya watoto ianze na matone, kimulikio na mganga aliyefunzwa kukitumia. Retina ikiwa safi, dawa ya malaria, artesuneti, isisimamishwe, ila sababu nyingine itafutwe mara moja. Kifaa cha kichwani kije baada ya kupimwa kwa watoto wenye ngozi nyeusi kama hawa.