Chumba Kimoja, Ukanda Mmoja

Mzee aliyenitembeza katika studio ya zamani ya Radio Tanzania jijini Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, hakuanza na mitambo. Alianza na sakafu. Tarumbeta lilikaa kule nyuma, akanionyesha kwa kidole. Mwimbaji hapa mbele. Wapiga magitaa pale, watazamane. Alikuwa fundi mitambo enzi zake, na miguu yake bado ilijua vipimo vya chumba kile. Mpuliza tarumbeta akizidi alirudishwa nyuma hatua mbili. Gitaa likififia, maikrofoni ilisogezwa. Sauti zilipangwa kabla hazijapigwa, kwa sababu zikishaingia kwenye ukanda hapakuwa na namna ya kuzitenganisha tena.

Taa nyekundu ikiwaka, bendi nzima ilipiga kwa pamoja. Mmoja akikosea, wote walianza upya. Nadhani hapo ndipo ulipo utukufu wa kazi ile. Mwanamuziki aliingia chumbani akiwa ameiva, kwa kuwa kosa lake lilikuwa hasara ya wenzake wote. NUTA Jazz walirekodi hivyo, Tabora Jazz walirekodi hivyo, na ukiwasikiliza leo unasikia watu wanaosikilizana.

Nilikaa muda mrefu kwenye maboksi ya kanda. Ni maboksi ya karatasi ngumu, mapana kama sahani, yamepangwa wima rafu kwa rafu. Ubavuni pameandikwa kwa kalamu: jina la bendi, jina la wimbo, mtunzi, tarehe, dakika na sekunde. Mwandiko ni wa mtu aliyefundishwa kuandika vizuri na ambaye hakuwa na haraka. Mahali palipokosewa pamepigwa mstari mmoja tu, ili kosa lenyewe lisomeke. Kwenye boksi moja wino umekuwa wa kahawia na gundi ya lebo imeachia, lakini sekunde zimeandikwa. Kuna mtu alikaa na saa akahesabu sekunde za wimbo wa vijana kutoka bara, akaona zinastahili kuandikwa. Heshima ya namna hiyo sijawahi kuiona katika faili la kompyuta.

Nasema vijana kutoka bara kwa sababu huku kwetu Kahama tuna haki ya kudai sehemu yetu. Western Jazz walilibeba jina la Jimbo la Magharibi, na Kahama ilikuwa ndani ya jimbo hilo wakati wa Mwingereza. Tabora, makao ya bendi ya Kiko Kids, ni jirani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha sahani za santuri, zikitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 safari ya kwenda kurekodi huko ikawa ngumu. Kwa bendi nyingi, chumba kile cha Barabara ya Pugu kikawa ndio mlango wenyewe.

Nilitoka pale nikitaka kupiga muziki. Hamu ilinishika kifuani, nikashindwa hata kuzungumza ndani ya basi.

Huku kwetu, Kahama na Katoro hazina upungufu wa studio. Ni vyumba vidogo nyuma ya maduka, ukutani sponji za magodoro, mezani kompyuta na kinanda. Vijana wake ni wachapakazi na siwadharau. Lakini nimemwona manju wa Kisukuma, mtu aliyezoea kuimba uwanjani mbele ya wapinzani wake, amekalishwa peke yake na hedifoni masikioni, anaimbia biti iliyotengenezwa kabla hajafika. Alikuwa akigeuza shingo kutafuta waitikiaji. Hawakuwapo. Kiitikio kiliimbwa baadaye na kijana mmoja, sauti yake ikarudiwarudiwa mpaka ikafanana na kundi. Manju wa Bagika au Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma za Kisukuma, huubadili wimbo papo hapo kwa kuangalia watu wamesimamaje na upande wa pili umejibu nini. Ukimwondolea watu umemwondolea nusu ya akili yake.

Machimboni Geita mchanga uliokwisha kuchenjuliwa huitwa marudio, na wenye akili hawautupi, maana dhahabu bado imo. Kanda za Radio Tanzania ni marudio ya taifa hili. Zimo ngoma za mikoani na bendi zisizo na mtu aliye hai. Ukanda haungoji, hata hivyo. Joto na unyevu wa Dar es Salaam huulegeza, unga wake unabanduka, na wimbo unatoka pamoja na unga.

Nimempata mzee mmoja pembeni mwa Kahama anayejua nyimbo za bugobogobo, zile za kulimia. Amekubali kunifundisha kwa sharti la kuja na jembe, kwa maana wimbo ule haushiki kwa mtu aliyekaa. Basi tunalima. Mdundo unaingia mgongoni kwanza, maneno baadaye. Nataka turekodi wote pamoja, waitikiaji na ngoma, katika darasa la shule siku ya mapumziko, mara moja bila kukata. Waitikiaji wapo. Mpiga ngoma kubwa ni mzee kuliko mwalimu wangu na mikono inamtetemeka, na hana mwanafunzi. Mwanawe yuko machimboni Nyarugusu. Sikukuu anakuja nyumbani na spika, anaifungulia uani, na baba yake anaingia ndani kulala.