Baba Aliye Sanamu: Jinsi Picha Inavyobeba Maana ya Wimbo

Katika masomo ya fasihi tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba taswira ni picha inayojengwa na maneno katika akili ya msomaji au msikilizaji. Siku hizi mambo yamegeuka kwa kiasi kikubwa. Mwanafunzi anayeingia darasani aghalabu ameshauona wimbo kabla hajausikiliza kwa makini. Akiulizwa wimbo huo unasema nini, huanza kueleza mavazi, magari na nyumba alizoziona katika video. Je, picha hizo zimemsaidia kuyafahamu maneno, ama zimeyafunika? Hilo ndilo swali tunalokusudia kulichunguza katika makala haya.

Inafaa tukumbuke kwanza tulikotoka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, waliozinunua santuri zile walipata sauti peke yake. Fumbo lilipotajwa, kila msikilizaji alilifumbua kwa picha aliyoichora mwenyewe moyoni. Katika miaka ya 1960, huko Ufaransa, ziliwekwa mikahawani mashine zilizoitwa Scopitone: mteja alitumbukiza sarafu, akamwona mwimbaji akiimba katika kioo kidogo. Tarehe 1 Agosti 1981 stesheni ya televisheni ya MTV ilianzishwa Marekani, na tangu hapo filamu ya wimbo ikawa sehemu ya kudumu ya biashara ya muziki. Asili hiyo ya kibiashara tusiisahau. Filamu nyingi za aina hii zilitengenezwa, na bado hutengenezwa, kwanza ili ziuze.

Tukizitazama filamu hizo kwa jicho la mhakiki, tunaona kwamba picha huweza kuyatendea maneno mambo matatu. Jambo la kwanza ni kuyarudia: mwimbaji akitaja mvua, tunaonyeshwa mvua, akitaja machozi, tunaonyeshwa machozi. Jambo la pili ni kuyapamba, na hapo ndipo tunapoona dhahabu, bahari na wachezaji wasiohusiana kabisa na kisa. Jambo la tatu ni kuyaongezea, yaani kusema lile ambalo maneno yameliacha bila kulitamka. Sisi tunashikilia kwamba ni jambo hili la tatu tu linalostahili kuitwa sanaa. Tutatoa mfano wa filamu moja na kuifafanua kwa kirefu, kisha tutaifuatishia nyingine kwa ufupi.

Wimbo tunaouchagua ni "Papaoutai" wa mwaka 2013, wa mwimbaji wa Ubelgiji ajulikanaye kwa jina la Stromae. Umeimbwa kwa Kifaransa, lakini una uhusiano wa damu na nchi zetu. Stromae alizaliwa Brussels mwaka 1985, mama yake Mbelgiji na baba yake Mnyarwanda. Baba huyo aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wakati mtoto alikuwa na umri wa miaka tisa tu. Jina la wimbo ni swali lililoandikwa kama linavyosikika masikioni: Baba, uko wapi? Maneno yake ni ya mtoto anayeuliza na kuuliza tena. Ndani yake mna dokezo kwamba kuzaa ni jambo moja na kuwa baba ni jambo jingine, na kwamba siku moja huyu anayelaumu naye atakuwa baba wa kulaumiwa au kusifiwa.

Muziki wenyewe ni wa kasi, wa kuchezesha. Tumewaona watu wakiucheza arusini kwa furaha kubwa, hasa wale wasiojua Kifaransa. Hapa ndipo kazi ya picha inapoanzia, maana mtu aliyeiona filamu ile ni vigumu kuucheza wimbo huo tena bila kukumbuka anacheza nini.

Katika filamu iliyoongozwa na Raf Reyntjens, baba hayuko mbali. Yumo nyumbani. Stromae mwenyewe anaigiza baba huyo, lakini amepambwa awe kama sanamu ya dukani, ile inayovishwa nguo ili wanunuzi waione: ngozi inang'aa kama nta, macho yametulia, mwili umekakamaa. Nyumba na mtaa ni vya mtindo wa zamani, safi na vyenye rangi nzuri, kama picha za matangazo. Mtoto wa kiume anamzunguka baba huyo akitaka acheze naye. Huko nje wazazi wengine wanacheza na watoto wao, mzazi na mtoto kwa miondoko ileile, kama kivuli na mwenye kivuli. Mwisho mtoto anachoka. Anaketi karibu na baba yake na kukakamaa kama yeye.

Natuangalie picha hii inaongeza nini. Kwanza, maneno yanauliza baba yuko wapi, na msikilizaji hudhani jibu ni mahali fulani: safarini, mjini, kaburini. Picha inajibu kwamba anaweza kuwa palepale kwenye kiti, na bado asiwepo. Kwa jibu hilo moja, wimbo wa yatima umegeuka kuwa wimbo wa mamilioni ya watoto ambao baba zao wanarudi nyumbani kila jioni lakini hawasemi nao. Pili, miondoko ya majirani inaonyesha kwa mwili kile ambacho mwalimu angehitaji ukurasa mzima kukieleza, kwamba malezi ni mwigo. Mtoto huchukua kwa mzazi namna ya kusimama, ya kutembea na ya kucheka. Asiyekuwa na wa kumwiga ataiga nini? Tatu, mwisho wa filamu unatupa jibu la kutisha: ataiga ukimya. Wahenga walisema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Hapa mtoto wa sanamu amekuwa sanamu.

Hata hivyo hatukubaliani na filamu hii katika kila jambo. Katika maneno, suala la kesho limeachwa wazi. Mwimbaji anauliza sisi tutakuwa baba wa namna gani, na kuuliza ni kukiri kwamba mtu anaweza kuchagua. Picha inaufunga mlango huo. Mtoto akishakakamaa, hakuna swali tena, pamebaki hukumu. Huu ni udhaifu wa kawaida wa picha mbele ya neno. Neno linaweza kusimama katikati ya ndiyo na siyo. Picha, ikishaonyesha, imeshaamua. Mwalimu anayetumia filamu hii darasani yampasa aufungue tena mlango uliofungwa, kwa kuwarudisha wanafunzi kwenye maneno.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi. Baadhi ya walimu wenzetu wanasema kwamba filamu hii imeificha Rwanda. Mtazamaji wa Ulaya huona baba mzembe wa mtaani kwake, wala hamwoni baba aliyenyang'anywa uhai. Hoja hii tuliipuuza mwanzoni, hadi tulipouonyesha wimbo huu darasani. Wanafunzi walizungumza sana juu ya mavazi na mchezo. Kisha mmoja wao, ambaye si msemaji, akasema kwa sauti ya chini kwamba yule mtoto ana bahati, kwa sababu anacho hata kitu cha kutikisa. Darasa likanyamaza, nasi hatukuwa na la kuongeza.

Tangu siku ile tumelifikiria jambo hilo upya. Ni kweli kwamba baba aliyeuawa na baba aliyenyamaza si kitu kimoja. Wa kwanza hakuchagua kutokuwepo; wa pili amechagua. Kuwaweka wote wawili katika sanamu moja ni kumwonea yule wa kwanza. Lakini hatudhani kwamba msanii alifanya hivyo kwa kusahau. Kwa maoni yetu, alikataa kuuonyesha msiba wake sokoni, katika aina ya filamu ambayo tumekwisha kusema ilizaliwa ili iuze. Angeweza kutuonyesha damu, nasi tungelia kwa dakika nne kisha tukafungua wimbo mwingine. Badala yake alitupa sanamu, na kwa wanaojua habari zake sanamu hiyo ina maana ya pili: ndivyo mtoto wa miaka tisa anavyobaki na baba aliyemjua kidogo, picha isiyosema wala kuzeeka. Ukimya huo ni heshima. Ila heshima hiyo haifiki kwa mtazamaji asiyeelezwa, na kueleza ni kazi yetu sisi walimu.

Filamu ya pili ni ya wimbo "Formidable", wa mwimbaji yuleyule na wa mwaka uleule. Jina lake ni mchezo wa maneno: ukilitamka kwa namna moja lina maana ya mtu wa ajabu, bora kabisa, ukilikata mahali pengine, masikio husikia mtu duni kupindukia. Anayesema ni mlevi aliyeachwa na mpenzi wake. Ili kuupiga picha wimbo huu hawakujenga nyumba wala kukodi wachezaji. Walificha kamera karibu na kituo cha tramu cha Louise, mjini Brussels, naye Stromae akajitokeza asubuhi, watu wakienda kazini, akipepesuka kama mlevi. Wengine walimpita, wengine wakamtazama, wengine wakatoa simu zao wampige picha. Hata polisi walimjia kumwuliza hali yake.

Uzuri wa filamu hii ni kwamba picha imefanya kwa macho kile ambacho jina limefanya kwa masikio. Kama vile neno moja linavyosikika kwa namna mbili, ndivyo mtu mmoja anavyoonekana kwa namna mbili: nyota wa kusifiwa na mlevi wa kuhurumiwa, katika koti lilelile. Hata hivyo tunao wasiwasi. Wapita njia wale hawakujua kwamba wanaigiza. Uso wa mtu aliyeharakia kazini, akampita mlevi bila kusimama, umekuwa mfano wa moyo mgumu mbele ya dunia nzima. Sanaa imepata ukweli wake kwa mkopo ambao mwenye mali hakuulizwa. Tunausifu ufundi huo, lakini tusingependa wanafunzi wetu waujifunze bila kulizungumza deni hilo.

Tunawapendekezea walimu utaratibu mfupi wa kufundishia. Wanafunzi wausikilize wimbo kwanza bila picha, na kila mmoja aandike kwa Kiswahili mambo anayoyaona akilini mwake. Kisha waitazame filamu bila sauti, na waandike kisa wanachokiona. Mwisho waviunganishe viwili hivyo na kuulizana: picha imerudia nini, imepamba nini, imeongeza nini, na imefunga mlango gani ambao maneno yaliuacha wazi? Njia hii inafaa kwa wimbo wa lugha yoyote, na itawafaa hasa wanapotunga wenyewe, kwani wataona kwamba neno la Kiswahili lingali na uwezo wa kuonyesha bila kamera.

Hatuwezi kuwakataza vijana kutazama, wala hatuna sababu ya kufanya hivyo. Tunachoweza ni kuwafundisha kuisoma picha kama wanavyolisoma shairi, kwa kuuliza ni nani anayesema, anasema nini, na nini kimenyamaziwa. Yule mwanafunzi aliyesema kwa sauti ya chini alikuwa ameisoma filamu ile vizuri kuliko sisi tuliomfundisha.