Kiganja Juu ya Mota

Mzee aliyenifunza kunasua magari kwenye mbuga za Usangu hakuniruhusu kugusa winchi mpaka niwe nimelizunguka gari mara mbili: kwanza kwa macho, kisha kwa koleo. Udongo ule mweusi ukilowa hujaza meno ya tairi mpaka liwe laini kama chungu, na gari likishakalia tumbo, tope hulinyonya. Winchi hapo haishindani na uzito peke yake.

Dukani utaambiwa uchukue uzito wa gari lililopakiwa, uzidishe kwa moja na nusu. Land Cruiser yenye mafuta, maji, mahema na abiria ikifika tani 3, itafutie winchi ya tani 4 na nusu. Hesabu nzuri, ila haijaisha. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya tabaka la kwanza la kamba, lile linalolala juu ya dramu. Kila tabaka linaloongezeka hunenepesha dramu na kula nguvu. Ukivuta kwa mita tano tu za kamba, zilizobaki zote zimejiviringisha pale pale, winchi uliyoilipia siyo inayovuta.

Mzee hakuhitaji boksi kuyajua hayo. Mti wa karibu hakuutamani. Alishika kamba akaenda nayo mpaka mti wa mbali, akahakikisha mizunguko isiyopungua mitano imebaki kwenye dramu. Shina alilizungushia mkanda mpana, gome lisichunike. Pasipokuwa na mti ila wa karibu, alifunga puli hapo, kamba ikarudi kwenye gari: nguvu karibu maradufu, mwendo nusu. Ule upole yeye aliuhesabu faida. Kwa hiyo anayeniuliza anunue winchi kubwa zaidi au puli, namwambia puli kwanza.

Kamba ndiyo yenye ubishi. Waya wa chuma huvumilia mawe, lakini ukikatika ni mjeledi. Ndiyo maana koti lake zito lilining'inia katikati ya waya kila tulipovuta. Ya sintetiki ni nyepesi na haina hasira hiyo, ila jua na mchanga huila, na kipitishio cha kamba kilichokwaruzwa na waya wa zamani huikata. Mimi leo ningechukua sintetiki, na kipitishio kipya.

Umeme nao una mipaka yake. Winchi iliyoelemewa huweza kunyonya zaidi ya ampia 400. Altaneta haifui dafu hapo, hata injini ikiunguruma. Mzee alivuta kidogo, akasimama, akaweka kiganja juu ya mota. Kikiungua, tulichemsha chai. Abiria walinung'unika, naye akawauliza nani anataka sukari.

Winchi yake ilikuwa ya paundi 8,000, yaani kama kilo 3,630. Kwa hesabu ya dukani, ilikuwa ndogo kwa gari la tani 3.