Siku ya Tatu Mpe Jembe

Mgeni yeyote aliyekaa Tanga zaidi ya miezi sita huwa ana orodha yake. Nimeisikia kwa walimu wa kujitolea, kwa madaktari, kwa waliokuja na miradi ya maji, na kwa waliokuja kutazama samaki tu kule Pangani. Ni orodha ya desturi za kwao ambazo, kwa maoni yao, hapa hazitashika hata dunia ipinduke. Hawaisemi kwa ubaya. Wanakaa, wanakunywa soda, mmoja anaanza na wenzake wanaongeza. Kulipa kila mtu chake mnapokula pamoja. Kutoa taarifa kabla ya kwenda kumtembelea mtu. Mbwa kulala ndani. Kujianika juani. Kufungua zawadi mbele ya aliyeileta. Kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee. Na mwishoni, karibu kila mara, inakuja ile inayotuhusu mimi na wewe msomaji wa jarida hili: mtu kukaa peke yake, kimya, na kitabu cha hadithi. Eti watu wa baraza hawa, riwaya watasoma saa ngapi?

Nataka tuihakiki orodha hii kama tunavyohakiki kitabu, kwa sababu imeshakuwa kitabu. Imo katika vitabu vya kuwaongoza watalii, imo katika masimulizi ya waliorudi kwao, na, baya zaidi, imeanza kuingia katika hadithi tunazoandika sisi wenyewe.

Malalamiko ya namna hii si ya leo. Sayyida Salme binti Said alizaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka 1866, akaishia Hamburg, na huko akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mle ndani anawashangaa Wazungu wanaokaa majuma machache katika miji ya Mashariki, kisha wanarudi kwao kuandika kitabu kizima juu ya maisha ya watu ambao milango yao hawakupata kuivuka. Lakini tazama anavyofanya yeye alipokuwa mgeni Ujerumani. Haishii kuorodhesha. Akizungumzia shule au malezi ya watoto, analinganisha: jambo hili linawafanyia nini watu wa huku, na lile la kwetu lilitufanyia nini. Swali hilo la kazi ndilo linalokosekana katika orodha ya wageni wetu.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walikuwa wanamsema mtu, lakini mimi naona desturi nazo hutendewa vivyo hivyo. Desturi ngeni ikishuka pwani hutazamwa, huchekwa, huigizwa na watoto. Ikionekana inaweza kulima, hupewa jembe na kiambo. Isiyolima huaga yenyewe. Sasa mgeni hukosea kwa sababu anaitafuta desturi ya kwao ikiwa bado imevaa nguo za kwao. Asipoiona imevaa hivyo, anaandika kwamba haikushika.

Hebu tutoke mjini twende Tongoni, kilomita kama 17 kusini. Makaburi ya pale, ya karne ya 14 na 15, ni ya nguzo, na katika nguzo na kuta zake yameachwa matundu ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo, ya China yakiwemo. Richard Burton aliyatembelea magofu hayo mwaka 1857 na kuyaeleza katika kitabu chake cha 1872 juu ya Zanzibar na pwani yake. Bakuli limefinyangwa litiwe chakula. Mfinyanzi wake angeona lilivyopachikwa kaburini angesema, masikini, watu hawa hawajui kutumia bakuli. Kumbe wanajua sana. Wamelipa kazi ya kumheshimu marehemu, kazi ambayo chungu cha nyumbani, kwa macho yao, hakikuiweza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa leso. Neno ni la Kireno na kitu chenyewe kilikuwa kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani wa karne ya 19 waliunga vitambaa hivyo vikawa vazi, vazi likawa khanga, na baadaye khanga ikaandikwa maneno. Leo khanga inamjibu jirani bila mwenye khanga kufungua mdomo. Mreno gani angeliwaza hilo?

Na beni je? Terence Ranger aliiandikia kitabu kilichotoka 1975. Ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikashuka mpaka huku kwetu, na baadaye ikaingia bara: tarumbeta, gwaride, kofia za kizungu, vyeo vya kingi na jenerali. Kuna maofisa wa kikoloni walioona ni uigaji wa kuchekesha. Wengine waliingiwa na hofu, wakanusa njama. Wote hao walitazama kofia. Chini ya kofia kulikuwa na vyama, Marini na Arinoti, ambavyo wanachama wake walichangiana, walizikana, na walishindana kwa ngoma na karamu kama mitaa ya pwani ilivyoshindana kabla tarumbeta halijafika. Gwaride la mgeni lilikuwa limepewa jembe la mwenyeji.

Mambo ya juzi ni hayo hayo. Bethidei imekuja na keki yake, lakini kwetu mwenye bethidei anamwagiwa ndoo ya maji na marafiki zake, na akiwa na bahati maji hayo ni safi. Kichen pati, iliyoenea mijini kuanzia miaka ya 1990, ina jina la kigeni, ina kadi, ina sare, ina kipaza sauti. Aliyekishika kipaza sauti ni kungwi. Hata lile la kutoa taarifa kabla ya kwenda kwa mtu limeshaanza kutoka kwenye orodha. Simu za mkononi zilianza kutumika nchini mwaka 1994, na sasa kijana wa Chumbageni anauliza "upo?" kabla hajavaa kandambili. Hodi haikufa. Imesogezwa mbele tu, ikaanza kupigwa mtu akiwa bado nyumbani kwake.

Sisemi kwamba wageni hukosea daima. Kulipa kila mtu chake, kwa mfano, nakubali kwamba ni vigumu kushika. Ila sababu wanayoitoa ndiyo siikubali. Wao husema Waswahili ni wakarimu. Ukarimu upo, lakini tazama vizuri. Leo umeninunulia chai na sambusa, kesho nitakununulia kahawa, keshokutwa una msiba na mimi nitakuja na rambirambi, na itaandikwa daftarini kwa jina na kiasi. Kwenye taarabu nikimtunza mwimbaji kwa ajili ya wimbo uliokuchoma wewe, watu wameona. Hiyo ni hesabu, tena hesabu kali, yenye kumbukumbu kuliko ya dukani. Tofauti yake ni kwamba haifungwi. Wawili wakilipa kila mtu chake, hesabu imefungwa jioni ile ile, na hakuna tena anayemdai mwenzake sababu ya kuja kesho. Desturi hiyo haikosi adabu tu. Inavunja shamba lenyewe.

Nyumba ya wazee nayo iko hivyo. Makao ya wazee wasiojiweza yapo Tanzania, ya serikali na ya mashirika ya dini, kwa hiyo si kweli kwamba desturi hiyo haijulikani. Imepewa kazi moja, ya kumhifadhi asiye na mtu. Ndiyo maana kumpeleka huko mzee mwenye watoto ni kutangaza kwamba hana watoto. Mwandishi atakayelijua hilo ana hadithi mkononi. Atakayeandika tu kwamba "sisi hatupeleki wazee wetu" ana bango.

Hapa ndipo pananiuma. Nilipata kupeleka mswada kwa mchapishaji mmoja. Ndani yake mna msichana wa Ngamiani anayejifungia chumbani na riwaya mpaka mama yake anamshuku ana barua za mwanamume. Mswada ukarudi na ushauri: msichana huyu si Mswahili wa kweli, mtoe chumbani mpeleke ngomani, ongeza mila. Aliyetoa ushauri ni mgeni aliyeipenda pwani kwa dhati. Lakini ile ilikuwa ni orodha inazungumza. Ilishaamua nani anasoma na nani hasomi, na mimi nikatakiwa nimtoe mtu niliyemwona kwa macho yangu ili apatikane mtu aliyetarajiwa.

Basi tuiulize riwaya swali lile lile: imepewa jembe au haikupewa? Kwanza tukumbuke kwamba maandishi si ugeni hapa. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi mrefu juu ya vita vya Wadachi na watu wa Mrima kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Na gazeti la Kiongozi lilianza kuchapishwa hapa Tanga mwaka 1904, katika herufi hizi tunazotumia leo. Mwaka 1929 zilitoka tafsiri za Frederick Johnson, *Kisiwa chenye Hazina* na *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, na wanafunzi wengi wakakutana na hadithi ndefu za kizungu kwa mara ya kwanza humo. Riwaya ilifika kama mgeni wa siku ya kwanza, na nguo zake zote.

Siku ya tatu ni Shaaban Robert, mtu wa Vibambani, karibu na Machui, hapa hapa kwetu, aliyekuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Nchi ya kubuni ya *Kusadikika* (1951) imelinganishwa na safari za Gulliver. Sawa. Lakini soma ilivyojengwa. Kitabu kizima ni kesi, na utetezi wa Karama ni masimulizi ya safari za wajumbe, siku baada ya siku, mbele ya mfalme na watu. Msomaji aliye peke yake na kitabu anakalishwa katikati ya wasikilizaji. Baraza limeingizwa ndani ya riwaya, halafu mtu anatuambia watu wa baraza hawawezi riwaya!

Mfano wa pili ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyeshinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957-58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka kitabu mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake, na swahiba wake Najum, wamekopwa waziwazi kwa Sherlock Holmes. Asiyetazama vizuri atasema ni nakala. Lakini kazi ya Bwana Msa ni kufumbua siri za ukoo na urithi na kuvua mzimu nguo zake. Upelelezi wa London umepewa kazi ambayo kila mtaa wa pwani unaihitaji: kujua nani ni nani kwa nani.

Wakaja kina Elvis Musiba na Willy Gamba wake, kina Ben Mtobwa, na vitabu vyao vikatembea. Kitabu kimoja hupita mikono ishirini, jalada likatoka, ukurasa wa mwisho ukapotea, na aliyeusoma kabla haujapotea akawa mtu wa maana kijiweni, anawasimulia wenzake mwisho. Mgeni akipita anaona watu wanapiga soga. Hakujua kwamba soga ile ilikuwa sura ya ishirini.

Kwa hiyo, wenzangu, mimi nina ugomvi na hadithi zetu za namna mbili. Ya kwanza imeandikwa kwa orodha: kila mzee yuko barazani, kila mwanamke yuko jikoni, kila Mzungu anatazama saa, na hakuna mama wa baibui anayeendesha baiskeli, wakati Tanga baiskeli zimejaa na akina mama wamo. Ya pili imeandikwa kwa filamu: vijana wa Ngamiani wanakula mgahawani, kila mmoja anatoa pesa yake, wanaagana, sura imekwisha, kama vile hakuna kilichotokea. La kwanza linatunyima watu tunaowaona kila siku. La pili linatunyima matokeo. Maana kijana akilipa chai yake tu akaondoka, pale barabara ya kumi na nne, kitu kikubwa kimetokea. Mwenye mgahawa ameona. Mtoto wa shangazi yake ameona. Kabla ya magharibi mama yake atakuwa ameshasikia, tena na chumvi juu.

Hadithi hiyo bado sijaisoma popote. Anayeweza kuiandika aiandike ailete hapa jaridani, na asiishie pale mezani. Mimi nataka kujua kesho yake kijana yule alipita barabara gani.