Fundi wa Mwisho wa Jaketi

Mwezi wa Julai, baridi inaposhuka kutoka Molo na Mau Summit hadi kwenye stendi za Nakuru, majaketi ya ngozi hutoka kabatini, na kazi ya mtu unaweza kuisoma kwenye mikono ya jaketi lake. Dereva wa masafa marefu, yule anayepanda hadi Timboroa na kurudi, mkono wake wa kulia umepauka kuliko wa kushoto: usukani wa magari yetu uko kulia, na kiwiko chake hushinda dirishani kikipigwa na jua. Wa bodaboda ana mikunjo mirefu upande wa ndani wa viwiko, maana mikono yake imejikunja kutwa nzima. Makanga hushinda ameinua mkono kushika chuma cha mlango, kwa hiyo mikunjo yake imejikusanya kwapani, na mdomo wa mfuko anaotia sarafu umekuwa mweusi na laini kwa mafuta ya vidole.

Mikunjo hiyo naiheshimu kama kazi ya ufundi. Jaketi humtoka mshonaji likiwa bado halijakamilika. Anayelikamilisha ni mvaaji. Ila mvaaji hawezi kufanya kazi yake ikiwa waliomtangulia waliharibu yao.

Ngozi haikufumwa kama kitambaa, nyuzi za huku na za kule. Ni nyuzi za kolajeni zilizosukana pande zote, zikashikana. Ukikunja kiwiko, za nje huvutika na za ndani hubanwa. Ukirudia maelfu ya mara, zile zilizobanwa huzoea kulala upande mmoja, na mkunjo hupata njia yake ya kudumu. Mgongoni mwa ng'ombe nyuzi zimeshikamana sana, tumboni zimelegea. Kwa hiyo mkataji hodari huweka ngozi ya mgongo pale patakapoonekana na kuvutwa, na ya tumbo huificha. Mkataji mvivu hachagui, na baada ya mwaka mmoja kiwiko kinaning'inia kama mfuko mtupu.

Kabla ya mkataji yuko mdabaghaji. Nakuru ina kiwanda cha Nakuru Tanners, na kazi ya kiwanda chochote cha aina hiyo huanza kwa uchafu na harufu: ngozi hulowekwa, hutiwa chokaa ili manyoya yang'oke, hukwanguliwa nyama, kisha huzungushwa ndani ya mapipa makubwa. Ngozi nyingi duniani leo hudabaghiwa kwa chumvi za kromiamu, nazo huipa ngozi mbichi rangi ya samawati. Njia ya zamani zaidi ni ya magome ya miti, na nyanda zetu za juu zimeijua kupitia muwati; kule Eldoret, kampuni ya EATEC ilikuwa na mashamba makubwa ya miti hiyo. Ngozi ya kromiamu huwa laini na hunyumbulika. Ya muwati huwa ngumu mwanzoni, na huiva rangi kwa jua na kushikwa.

Kisha huja mafuta, na hapa ndipo ninapomvulia kofia mdabaghaji. Kila uzi lazima upakwe ili uteleze juu ya mwenzake. Mafuta yakipungua, mkunjo hugeuka ufa. Yakizidi, jaketi hulegea na kukosa umbo. Mnunuzi hawezi kuyaona mafuta hayo dukani. Atayajua baada ya miaka.

Waliokuwa hapa kabla ya mapipa waliyajua. Waogiek wa Mau walishona ngozi za perere kuwa majoho ya kukabili baridi ya msituni. Wanawake wa Kimaasai walikwangua ngozi za kondoo, mbuzi na ndama, wakazipaka mafuta ya mnyama na kuzifikicha hadi zilegee. Ngozi ivute i maji, wahenga walisema, na kwa mtengeneza ngozi huo haukuwa usemi wa kumwonya kijana tu; ilikuwa kazi ya siku hiyo. Mikono ile ya wanawake ilifanya mapema kile ambacho kiwiko hukifanya polepole: iliivunja ngozi bila kuikata.

Adui mkubwa wa mikunjo huku kwetu ni vumbi. Udongo wa Nakuru una majivu mengi ya volkano, na chembe zake ni kali. Zikiingia ndani ya mkunjo hukata nyuzi kila unapokunja mkono. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha kuliondoa, kisha mafuta ya ngozi, kisha kivuli. Jaketi lililonyeshewa lisianikwe karibu na jiko.

Majaketi mengi tunayovaa ni ya mitumba. Yanafika yakiwa na kiwiko cha mtu wa Ulaya ambaye mkono wake ulikuwa mrefu kuliko wako, na kwa muda mrefu mikunjo yake na yako huishi pamoja, yake juu kidogo, yako chini. Napenda hilo. Kinachoniuma ni kwamba sehemu kubwa ya ngozi za mifugo yetu huuzwa nje zikiwa katika ile hatua ya samawati, halafu wengine huzikwangua makovu na kuzifunika kwa rangi nzito. Natamani kuona ngozi ya mbuzi wa Baringo ikidabaghiwa, ikikatwa na kushonwa hapa hapa Nakuru, alama ya mwiba wa mgunga na tundu la kupe zikiachwa wazi begani, halafu ikabidhiwe mwendesha bodaboda wa Njoro aendelee na kazi.